Utando Usiotaka Haraka

Jumatatu, 3 Machi

Paa la stoo ya maabara limevuja na daftari hili limelowa pembe zote. Profesa aliligeuza mara mbili, akasema daftari la vipimo halitakiwi kuwa na madoa, hata kama ni ya mvua. Nimelichukua mimi. Nitaandika humu mambo yasiyopimika.

Hali ya kazi ni hii. Tunachukua unga wa rangi ya chungwa, tunauyeyusha katika dawa, tunapaka tone moja juu ya kioo. Dawa ikiruka, unabaki utando mwembamba kuliko unywele mara elfu moja. Ndani ya utando huo molekuli zikijipanga vizuri, kama sahani kabatini, umeme unapita kutoka moja hadi nyingine bila kujikwaa. Zikilala ovyo, umeme unapotea njia na sisi tunapotea nao. Watu wa maabara tunayoshirikiana nayo wanataka vioo sita vizuri ifikapo tarehe thelathini Mei. Tusipovipata, meza yetu inafungwa, na mimi na mwenzangu Mizani tutatafuta pa kwenda.

Mizani si jina lake. Anaitwa hivyo kwa sababu anapima kila kitu, hata chai.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Vioo vinne, vyote vimepasuka utando.

Jumanne, 11 Machi

Asubuhi Baba aliniita kutoka bafuni, vile baba wengi wanavyowaita binti zao.

"Mama, hebu njoo unitazame macho. Taa hii ni ya njano, au ni mimi?"

Taa ni nyeupe.

Siku tano nzima alikuwa analalamika mwili umemlegea na chakula kinamtia kichefuchefu, nami nikadhani ni uzee na mvua. Hospitali ilikuwa imejaa. Daktari alimtazama, akambonyeza ubavuni, akachukua damu. Ni homa ya ini, ile inayoletwa na kirusi cha kwenye maji. Mvua imesukuma maji machafu kwenye mabomba, na mtaa wetu peke yake umetoa wagonjwa ishirini wiki hii.

"Hakuna dawa ya kukiua," daktari alisema. "Mwili wenyewe utakishinda. Wiki nne, pengine sita. Apumzike, anywe maji yaliyochemshwa, na ale."

"Ale nini?"

"Chochote anachoweza. Kidogo kidogo, mara nyingi. Asikae na njaa." Akatukabidhi karatasi iliyoandikwa na mtaalamu wa lishe.

Njiani Baba aliisoma karatasi ile kwa makini mpaka nikafurahi. Kumbe hasomi maneno. Amekuwa mpiga chapa miaka arobaini na moja, mikono yake bado ina wino kwenye mikunjo. "Herufi zimebanana mno," alisema. "Na wino umezidi. Nani kachapa hii?"

Jumamosi, 15 Machi

Shangazi amekuja. Mabegi mawili, birika moja, na amri kumi na mbili.

Ni dada mkubwa wa Baba, amemzidi miaka sita. Tangu Mama afariki, huja nyumbani kwetu kila anaposikia mtu kapiga chafya.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Mbona umekonda? Wewe nawe una ini?"

Kabla hajavua viatu alishafungua friji, akanusa sufuria mbili na kulaani moja. Baba alikuwa amelala sebuleni. Aliposikia sauti yake alijifunika shuka mpaka kichwani.

"Nimekuona, mdogo wangu," Shangazi alisema. "Hata ukijifunika, hilo tumbo nalijua."

Jumanne, 18 Machi

Shangazi amewaambia majirani kwamba mimi natengeneza filamu, ila familia haijawahi kuiona hata moja. Nimemweleza kwamba hilo neno "film" la maabara si sinema, ni utando. Akauliza, "Wa buibui?"

Ijumaa, 21 Machi

Sheria za Shangazi kuhusu ini: mgonjwa hali mafuta, hali yai, hali nyama, hali samaki, hali maharage. Anakunywa maji ya sukari, na uji mwepesi ambao ukiutazama unaona chini ya kikombe.

"Shangazi, karatasi ya hospitali iko pale jikoni. Inasema ale kila kitu."

"Karatasi haijawahi kumuuguza mtu."

"Lakini wataalamu—"

"Wewe nenda kwenye utando wako. Mimi nimeuguza watu kabla hujazaliwa."

Niseme kweli, nilicheka, nikachukua mwavuli nikaondoka. Nilishukuru kwamba kuna mtu nyumbani. Kazini nilikuwa na vioo nane vya kupaka, na hewa ilikuwa nzito kama imelowekwa.

Jumatano, 26 Machi

Profesa alisimama nyuma yangu kwenye hadubini. Utando mzuri, ukiutazama kwa mwanga maalumu, unang'aa rangi moja kama shamba lililopandwa kwa kamba. Wangu ulikuwa viraka viraka, na kila mpaka wa kiraka una ufa.

"Unyevu unatuharibia," nilisema.

"Basi kausha haraka kabla unyevu haujaingia. Ongeza moto."

Nikaongeza moto. Nyufa zikaongezeka. Mizani akazihesabu, maana hana jinsi: mia mbili na kumi na nne.

Nilirudi nyumbani nimechelewa tena. Baba ameketi dirishani, mifupa ya mabega imechomoza chini ya fulana. Nilimuuliza amekula nini. Akamtazama Shangazi, Shangazi akamtazama, Baba akasema, "Nimeshiba." Mtu aliyeshiba hasemi kwa sauti ile.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua siku ya nne mfululizo. Njano imeanza kupungua machoni. Shangazi anatembea nyumba nzima kama aliyeshinda kesi.

Alhamisi, 3 Aprili

Nisipoandika leo nitajidanganya kesho.

Saa tano asubuhi simu ililia nikiwa nimevaa glavu. Sikupokea. Ikalia tena. Mizani akanishikia sikioni.

"Njoo," Shangazi alisema. Hakuna salamu, hakuna amri. "Njoo, mwanangu, hanijui."

Nilimkuta Baba sakafuni kando ya kochi, jasho linamtiririka na ngozi yake ni ya baridi. Nilipomshika aliniita kwa jina la marehemu Mama. Aliniomba nifunge mashine kwa sababu karatasi zinatoka zimepinda. Shangazi alikuwa amepiga magoti na kikombe cha maji ya sukari mkononi, anajaribu kumnywesha, maji yote yanaishia kifuani. Jirani mwenye gari alitupeleka. Njia nzima nilifikiria neno moja tu: ini. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba mgonjwa wa ini akianza kuchanganyikiwa, huenda ini limeshindwa.

Walimtoboa kidole, wakamwekea dripu. Nikahesabu matone. Baada ya kama robo saa hivi akafumbua macho, akasema, "Mbona umevaa koti la kazi? Leo ni Jumapili." Halafu akaliona koti vizuri. "Aa. Si Jumapili."

Daktari alinitoa nje ya pazia.

"Damu yake imeshuka sukari kupita kiasi, na hana maji mwilini. Nimeangalia ini. Linapona vizuri tu." Akasubiri nielewe. "Dada, kirusi hakikumwangusha. Kilichomwangusha ni njaa. Huyu amekula nini wiki tatu hizi?"

Shangazi alikuwa kwenye benchi la korido, birika lake miguuni. Hata sasa sijui kwa nini alilibeba. Nilimwendea, na watu walikuwepo, na sikujali.

"Umemfungia baba yangu chakula," nilimwambia. "Wiki tatu! Kirusi kimeshindwa kumuua, wewe ulikuwa unamalizia."

Alitazama birika. Mama mmoja aliyekaa kando yake alisogea, akampa nafasi ya kuinama.

Nami je? Niliibandika karatasi jikoni nikadhani karatasi inapika. Niliona mabega ya Baba, nikarudi kuhesabu nyufa za kioo.

Ijumaa, 4 Aprili

Baba anakunywa. Analala. Shangazi hajaja wodini, yuko nyumbani.

Jumapili, 6 Aprili

Mtaalamu wa lishe alikuja kitandani asubuhi, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini na viatu vya mpira. Baba, ambaye ameshapata nguvu ya utani, akamwita Mama Lishe.

"Mama lishe anauza chakula chini ya mwembe, Mzee," alisema. "Mimi nakigawa bure, na hakuna anayekitaka."

Nilimwomba anieleze kila kitu, nikaandika kwa kalamu kama mwanafunzi. Alisema chakula hakiui kirusi. Hakuna tunda, hakuna juisi, hakuna mzizi wenye kazi hiyo, na anayekuuzia anakuibia. Kinachopigana ni kinga ya mwili, na kinga nayo inakula. Sukari inampa mtu nguvu ya saa moja. Asipopata yai, maharage, samaki, kitu cha kujengea, mwili unaanza kula misuli yake wenyewe. Mafuta si sumu. Yakimtia kichefuchefu punguza, yasipomtia mwache ale. "Na umpe mlo mkubwa asubuhi. Wagonjwa wa ini wengi kichefuchefu huwazidi jioni. Asubuhi ndiyo dirisha lenu. Chakula kikipoa kidogo harufu haimsumbui."

Wakati huo nikaona viatu vya Shangazi chini ya pazia. Alikuwa amesimama pale muda wote.

Baba alikuwa amesinzia. Tukatoka hadi koridoni watu watatu, na Shangazi akamuuliza mtaalamu swali huku akitazama ukuta.

"Mtu wa ini akila supu ya nyama yenye mafuta, kesho yake akafa. Ni supu iliyomuua?"

"Nani huyo, Mama?"

Basi ndipo nikasikia jambo ambalo sijawahi kulisikia maishani mwangu. Kwao walizaliwa watatu. Kulikuwa na kitindamimba, kaka yao mdogo, akiitwa hivyo hivyo Kitinda. Macho yake yaligeuka njano akiwa na miaka kumi na mitano. Bibi aliambiwa asimpe kitu ila maji ya sukari. Kijana alikuwa analia njaa. Shangazi, wakati huo ana miaka ishirini na minne, akampikia supu kwa siri, akaketi naye mpaka akaimaliza. Asubuhi hakuamka. Bibi aliikuta sufuria. Alisema maneno mawili tu, "Umemlisha kifo," na hakuyarudia mpaka alipofariki, kwa sababu hakukuwa na haja.

"Baba anajua?" niliuliza.

"Alikuwa mbali, anajifunza uchapaji. Tulimwambia homa."

Mtaalamu wa lishe alimshika Shangazi kiwiko. "Kabla hajafa, alikuwa analala sana? Anasema maneno yasiyoeleweka?"

"Siku mbili. Alikuwa anazinduka na kuzama."

"Basi ini lake lilikuwa limeshakufa kabla hujawasha moto. Supu haifanyi hivyo, Mama. Haiwezi hata ikitaka. Ulimpa kitu cha mwisho alichokitamani."

Shangazi alijifunga kitambaa chake upya, ingawa kilikuwa kimefungwa vizuri. Akasema anakwenda kutafuta choo. Alikaa huko nusu saa.

Aliporudi nilimwomba msamaha mbele ya benchi lile lile. Akanipiga kofi dogo la mkononi. "Uliyosema yalikuwa kweli nusu. Na nusu hiyo ilitosha."

Jumatano, 9 Aprili

Tuko nyumbani. Saa moja asubuhi Shangazi alimkaangia Baba mayai mawili, akampa na mkate na ndizi. Kisha akasimama mlangoni, mikono kifuani, anamtazama kila anapomeza. Alipomaliza alikwenda kumshika mapigo ya moyo.

"Dada," Baba alisema, "ni mayai. Si bomu."

"Nyamaza. Nahesabu."

Jumamosi, 12 Aprili

Kilo moja imerudi. Mizani alikuja kumwona mgonjwa, akaleta mizani. Jamani.

Jumatatu, 14 Aprili

Siku hizi naondoka nyumbani saa tatu, baada ya mlo wa asubuhi. Profesa alinuna siku za kwanza, sasa amezoea. Leo Baba aliniuliza, kwa mara ya kwanza kwa dhati, hasa nafanya nini huko.

Sijui kwa nini hatukuwahi kuzungumza hili. Alitaka nishike kiwanda chake cha uchapaji. Mimi nikataka sayansi. Akakubali, na tangu hapo kila mmoja wetu akawa anamwonea mwenzake haya badala ya kumuuliza. Nilimchorea kwenye mgongo wa karatasi ya vipimo vya damu: kioo, tone, dawa inaruka, utando unabaki, unapasuka.

Alivaa miwani. "Kumbe ni wino."

"Si wino, Baba, ni—"

"Ni kitu kilichoyeyushwa, kinapakwa, kinakaushwa. Huo ni wino. Unaukaushaje?"

"Kwa moto. Haraka, kabla unyevu haujaingia."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mama, mwaka wangu wa kwanza kazini niliharibu rundo zima la vyeti kwa feni. Bosi alinifukuza, akanirudisha kesho yake. Ukikausha wino haraka, ngozi ya juu inashikana kwanza, chini bado ni maji. Maji yanatafuta pa kutokea. Yakitoka, ngozi inavutana na kupasuka."

"Kwa hiyo mlifanyaje masika?"

"Tulifunika. Sinia imegeuzwa juu ya kazi, na pembeni kitambaa kimetiwa tone la dawa ile ile ya kuyeyushia. Hewa ya ndani inashiba dawa, wino unakosa haraka. Unakauka kwa adabu. Na unyevu wa nje haupati mlango."

Shangazi alikuwa anachambua maharage mezani. "Mlimsomesha miaka yote ile," alisema, "na jibu lilikuwa sinia?"

Jumanne, 15 Aprili

Nimejaribu. Kifuniko cha kioo, matone manne ya dawa pembeni, moto wa chini kabisa. Mizani alisema tutasubiri dakika mbili. Tumesubiri dakika arobaini. Profesa alipita, akauliza kwa nini tumekaa kimya kama tuko msibani.

Alhamisi, 17 Aprili

Utando umetoka rangi moja. Si wote, kuna kona moja imechafuka, lakini katikati, nafasi ya ukucha mzima, hakuna kiraka wala ufa. Nikizungusha kioo chini ya hadubini, eneo lote linazimika na kuwaka kwa pamoja. Ndivyo zinavyofanya molekuli zilizolala upande mmoja. Tulipopitisha umeme, ulipita vizuri mara tisa kuliko wa mwezi uliopita.

Mizani alitaka kunieleza kwamba mwili wa Baba na utando ni kitu kimoja, vyote vinataka polepole. Nikamwambia aachie washairi. Baba ni baba, na utando ni utando.

Nilimpigia simu Baba. Akauliza, "Mlitumia matone mangapi?"

Jumatano, 23 Aprili

Mvua. Baba amekula mara sita leo, akagombana na redio. Dalili njema.

Ijumaa, 2 Mei

Si rahisi nilivyodhani. Katika vioo kumi vya majaribio, vizuri ni vitatu. Siku mvua ikibadilika, idadi ya matone nayo inabidi ibadilike, na hakuna kitabu kinachoniambia. Profesa anataka kanuni. Nimempa kanuni, haifanyi kazi Jumatano.

Alhamisi, 8 Mei

Leo Baba amekuja maabara. Profesa mwenyewe alimfungulia mlango, wakasalimiana kwa "Shikamoo" na "Marahaba" hadi ikaeleweka nani mkubwa. Baba amemzidi miaka miwili tu, na ameufurahia kila mwezi wa miaka hiyo.

Nilimvalisha koti jeupe. Akaketi kwenye stuli yangu, akavua miwani, akainama kwenye hadubini. Alikaa pale muda mrefu hata Mizani akaanza kutazama saa. Vidole vyake vilikuwa vinazungusha kile kioo polepole sana, utadhani kina usingizi. Rangi ikawaka, ikazimika, ikawaka.

"Zamani," alisema bila kuinua kichwa, "kabla ya kuchapa maelfu, nilikuwa naletewa karatasi ya kwanza niikague. Ikiwa mbaya nasema rudia. Ikiwa nzuri naandika neno moja pembeni: ipite." Akasogea. "Hii ipite."

Nilijidai natafuta kitambaa cha kufutia lenzi.

Kisha akageukia tatizo la matone. Alitutaka tusihesabu. Tuinue kifuniko kidogo na kunusa, kama wachapaji. Profesa alimweleza kwa heshima kwamba dawa ile hainuswi, ni mbaya kwa mapafu. Baba akasema, "Basi tafuteni pua ya mashine." Mizani alikimbia stoo. Tunacho kipimo cha mvuke, kimekaa kwenye boksi miaka miwili.

Jumatatu, 12 Mei

Kwa kipimo cha mvuke: vioo vitano vya majaribio, vizuri vinne. Sasa tunaanza vya kutuma.

Jumanne, 13 Mei

Shangazi hakuamka kupika. Nilimkuta amegeukia ukuta, amejifunika mpaka usoni.

"Uchovu tu. Nendeni zenu."

Nikafungua pazia. Weupe wa macho yake umekuwa njano.

Tangu Machi tunachemsha maji ya kunywa. Baba alimuuliza, akakana, akaulizwa tena, akakiri. Alikuwa anakinga kikombe chake bombani kwa siri. "Maji ya kuchemsha yamekufa," alisema. "Hayana ladha."

Jumapili, 18 Mei

Shangazi hali chakula. Si kwamba anabisha. Karatasi ya hospitali anaijua kwa moyo, na majirani wawili amewasomea. Anainua kijiko, kinafika mdomoni, anakishusha.

"Shangazi, wewe mwenyewe ulimlisha Baba ukaona."

"Najua, mwanangu. Kichwa kinajua. Koo ndilo halijasikia."

Amekunywa maji ya sukari. Nimemtazama na nimeogopa, na safari hii sijaenda kazini. Mizani ameshika vioo.

Alhamisi, 22 Mei

Baba amechukua jiko. Sijawahi kumwona mtu huyu akikata kitunguu. Anapanga vitu mezani kwa mstari kabla hajawasha moto, anaonja, anatoa nakala ya kwanza, anaitupa, anaanza upya. Leo mtori wake wa ndizi na nyama ulikuwa umeungua chini na mbichi juu. Shangazi alimeza vijiko vitatu, nadhani kwa huruma.

Jumatatu, 26 Mei

Vijiko vitano. Miguu ya Shangazi imekuwa myembamba. Kazini vioo vitano vya kutuma viko tayari, kimebaki kimoja.

Ijumaa, 30 Mei

Kioo cha sita kilipatikana jana alasiri. Leo saa mbili asubuhi Mizani alivifunga vyote kwenye sponji na kunipigia simu kutoka mlangoni mwa msafirishaji. Profesa amesema meza yetu inabaki. Alisema hivyo huku anatafuta kalamu, ndivyo alivyo.

Lakini nilitaka kuandika la nyumbani.

Asubuhi Baba alipika wali laini na samaki aliyetolewa miiba, akaleta bakuli moja na vijiko viwili. Hakumbembeleza Shangazi. Aliketi ukingoni mwa kitanda akaanza kula yeye. Mimi nilikuwa nakunja nguo kwenye kona.

"Dada," alisema, "mimi ni mzima. Nieleze unachoogopa."

Shangazi alinitazama. Sikuwa nimemwambia Baba neno lolote, si langu. Nadhani aliliona hilo usoni mwangu. Akamweleza. Alianza na supu, akarudi nyuma kwenye njaa, akaenda mbele kwenye sufuria na maneno ya Bibi, hovyo hovyo bila mpangilio. Baba aliweka kijiko chini. Miaka arobaini na minane alikuwa na kaka aliyekufa kwa homa, na sasa amempata mwingine.

Nilidhani atalia, au atauliza kwa nini hakuambiwa.

"Aliimaliza?" aliuliza.

"Nini?"

"Ile supu. Kitinda aliimaliza?"

"Yote," Shangazi alisema, na sauti yake ikapasuka. "Akalamba bakuli. Akaniambia nimezidisha chumvi."

Baba akaanza kucheka. Shangazi akamkemea, kisha naye akashindwa, wakacheka huku machozi yanawatoka, wazee wawili wameegemeana kitandani. "Huyo ni Kitinda kweli," Baba alikuwa anasema. "Huyo ni yeye. Anakula mpaka sufuria, halafu anatoa kasoro."

Walizungumza mpaka wali ukapoa. Baba alimweleza jinsi Kitinda alivyomwibia viatu siku ya mtihani; Shangazi hakukijua kisa hicho. Yeye akamweleza cha mbuzi wa mwalimu. Katikati ya kisa cha mbuzi Shangazi alichukua kijiko, bila kukitazama, akala. Akasimulia, akala. Bakuli likaisha kabla ya kisa, na Baba akanipa ishara kwa kidole niongeze.

Niliongeza. Nikawaacha humo ndani wakimgombania kaka yao, nani alimjua zaidi.